Profesa Alipokunywa Maji

Mtaani walimwita Chiriku, na jina lilimkaa, maana mkate wake ulitoka mdomoni. Kila mwaka wasomi wa mataifa walipomiminika katika mji ule mkongwe kujadili kuta zake, yeye alijifungia ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi na kuyageuza maneno yao kwa Kiswahili, huku kisigino kikigongagonga sakafu bila kukoma. Mkalimani hasemi "bwana huyu anaona hivi." Mgeni akisema "mimi," naye husema "mimi." Ndivyo kazi ilivyo.

Cha ajabu, nyumbani Chiriku huyo alikuwa bubu. Aliishi na mama yake orofani, katika nyumba ambayo wasomi waliipenda kupita kiasi. Waliupiga picha mlango, wakaupapasa ukuta kama mgonjwa, kisha wakaenda zao kulala kwenye hoteli zenye lifti. Mama akavimba kichwa. Binti alitazama nyufa, ngazi zenye giza na ndoo chini ya paa, na roho yake haikutulia. Alitaka wahame. Miezi nenda, miezi rudi, neno lilimfika kooni akalimeza pamoja na chai. Mama alizaliwa mle, na Chiriku aliogopa kumvunja moyo.

Mwaka huo waandaaji wa mkutano, kwa mara ya kwanza, walikumbuka kuwa mji una watu, wakawaalika. Mama alijipamba, akaketi safu ya mbele na hedifoni masikioni, akamwonyesha jirani kwa kidole kule nyuma kwenye vioo. Yule ni wangu.

Mchana alipanda jukwaani profesa mmoja mrefu, mwenye haraka. Alipendekeza familia zote zihamishiwe kwenye nyumba mpya, mji mkongwe uachiwe watafiti na wageni. Wakazi wakanung'unika. Chiriku alimfuata profesa sambamba. Mimi naona wakati umefika, alisema. Mimi naona watu hawa wamechoka.

Profesa akanyamaza ili anywe maji. Chiriku hakunyamaza.

"Mimi nimechoka," sauti yake iliendelea masikioni mwa watu. "Nimechoka kumsikiliza mama akipanda zile ngazi gizani, nikisubiri kishindo. Nimechoka kuogopa mvua. Nataka tuondoke, na sijui nitamwambiaje."

Mkalimani mwenzake, waliyepokezana naye zamu mle kibandani, alimfinya mkono, akazima kipaza sauti. Wengi ukumbini hawakugundua kitu, kwa kuwa walikuwa wameinamia karatasi zao au simu zao. Lakini Mama alikuwa amemkazia macho profesa, na aliiona glasi mdomoni mwake.

Wakati wa mapumziko Chiriku alitoka kibandani. Njiani alishatunga visingizio vyote: mitambo, uchovu, homa. Alimkuta Mama bado ameketi, hedifoni mapajani.

"Yule bwana alikuwa anakunywa maji," Mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kumbe huwa unanisikiliza nikipanda."

"Kila siku."

Mama aliuzungusha waya wa hedifoni kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena. Ilimuuma, na hakujaribu kuficha. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mle nyumbani tuko wawili tu," Mama alisema. "Ungenifuata jikoni ukaniambia. Badala yake umekuja kunitangazia mbele ya mataifa."

"Niliogopa utalia."

"Nitalia, ndiyo. Ulitaka nicheke?" Mama aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. "Sasa kaa hapa, nilie ukiwa karibu."

Wasomi walikuwa wanarudi kwenye viti vyao, na kule nyuma mwenzake alikuwa anagonga kioo kumwita, zamu yake imefika. Chiriku akaketi.