Sambaza kwenye Plaketi za Freni

Jana jirani aliniletea sambaza wa kukaanga, samaki wetu wadogo wa ziwani, nikawala nimesimama kando ya ndege kuukuu ya viti vinne aliyoniachia papa, baba yangu. Nilikuwa karibu kubadilisha plaketi za freni, vile vipande vinavyobana diski mpaka gurudumu lisimame, nikaona vidole vyangu vinang'aa mafuta. Nikarudi nyuma haraka.

Usinicheke, rafiki yangu. Sambaza waliwahi kutugharimu nyumbani.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi. Papa alikuwa fundi wa ndege hiyohiyo, na kila Jumamosi, nikimaliza kufua, nilimpelekea chakula kwenye banda la ndege: bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza. Siku hiyo plaketi mpya nne zilikuwa juu ya kitambaa safi, zimetoka Nairobi baada ya kungojewa majuma mengi, maana za zamani zilikuwa zimelika. Kesho yake mama alikuwa aruke na ndege hiyo mpaka Beni, maana bibi, mama yake, alikuwa mahututi. Mimi nilikuwa nimedokoa sambaza njia nzima. Nikaokota plaketi moja nione uzito wake, ikabaki na alama za vidole vyangu.

Papa alikuwa amenipa mgongo. Ningeweza kunyamaza, na nilitaka sana kunyamaza. Lakini kila siku alituambia kwamba uwanja wetu wa Goma unaishia kwenye mawe ya volkano, freni zikiteleza hakuna pa kukimbilia. Nikamwambia huku nalia.

Akainusa ile plaketi. Mafuta yakishaingia humo hayatoki kwa kuosha. Rubani wa ndege hiyo, aliyekuwapo bandani, akamsihi, "Muzee, ni kidogo tu, itaungua yenyewe." Papa akakunja kitambaa. "Ndege haitoki," akasema.

Mama akapanda lori la kupitia mji wa Kiwanja. Alifika siku ya tatu, bibi ameshazikwa. Aliporudi hakunigombeza mimi. Hasira yote ilimwendea papa, mwezi mzima anamwekea sahani bila neno. Papa alivumilia. Mara moja tu nilimsikia akimwambia, "Kasirika tu, mama. Bora uko hapa, uko nakasirika."

Tangu hapo hakuna aliyegusa plaketi kabla papa hajamnusa vidole, hata yule rubani. "Leta mikono," alikuwa anasema, na tulileta.

Papa hayupo tena. Siku hizi uwanja umefungwa, sisikii ndege juu ya Goma, na majirani wananiuliza kwa nini nahangaikia freni za ndege isiyoruka. Wacha waulize. Siku itakaporuka itabidi pia isimame, na plaketi hizi nitazibadilisha zote nne.

Basi jana niliosha mikono kwa sabuni na majivu, nikajinusa. Sambaza. Nikaosha tena. Halafu, bila kufikiri, nikanyoosha vidole mbele yangu nikangoja, na hakukuwa na mtu wa kuninusa. Nikaosha mara ya tatu.