Kaa Hajambo

Kijiko kikikwaruza bilauri, hata leo na mvi zangu hizi, mwili hunisisimka. Ndivyo alivyokwaruza kaa wa kaka Lazaro, akipandisha magando yake kwenye kioo cha chupa asubuhi kabla hatujawasha moto.

Lazaro alimtoa chini ya mawe ya mto Ruhuji, wiki ile aliyokubali kwenda manamba, kukata mkonge Tanga. Kutoka Makambako alikojiandikisha alirudi na chupa pana ya dukani, ile ya kuwekea peremende. Tukatia maji, mchanga, jiwe moja na visamaki vitatu vya urefu wa kidole. Kesho yake vilikuwa viwili. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Huyu wenu hata siku moja haijaisha, keshakula wenyeji!"

Tukajifunza kumshibisha yeye kwanza, kwa minyoo na makombo ya ugali, na vile viwili vikasalimika. Siku ya kuondoka, Lazaro aliniinamia. "Naomi, nitunzie huyu. Nikirudi nimkute." Nilikuwa na miaka tisa, na sikuwa nimewahi kukabidhiwa kitu chenye uhai. Nikaapa.

Ukaja mwezi wa saba na sakitu yake, ule umande unaoganda kwa baridi. Majani ya viazi yaliamka meupe, na jua lilipotoka yakawa meusi. Asubuhi moja nikakuta kaa wawili ndani ya chupa. Mmoja alikuwa ganda tupu lililopasuka mgongoni. Mwingine alijikunyata chini ya jiwe, laini, amepauka, hatikisiki. Kwa akili yangu ya mtoto wa Njombe, nikajua baridi imembambua. Sisi wenyewe visigino vilipasuka mpaka vikatoka damu, na dawa ya mama ilikuwa moja tu, maji ya moto. Nikachemsha. Nikachanganya na ya baridi, nikapima kwa kiwiko kama mama alivyompimia mtoto mchanga, nikamimina huku nikimwambia pole. Visamaki vikageuza matumbo juu. Kaa akainua gando moja, akalishusha polepole, basi.

Nililia mpaka sauti ikanikauka. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja alinieleza kwamba kaa huvua ganda anapokua, hujificha akiwa laini siku chache, kisha hukomaa. Wangu alikuwa anakua tu, nami nikamchemsha kwa huruma.

Barua ya kwanza ya Lazaro iliandikwa na karani wa kambi. Msomaji nilikuwa mimi, maana mama hakujua kusoma. Aliwasalimu wazee, akauliza mvua, akauliza mahindi, na mwisho kabisa: "Naomi, kaa hajambo?"

"Mwambie ukweli," mama alisema. "Kaa ni kaa, mwanangu. Kaka yako hatakupiga."

Heri ningepigwa. Nikaandika: "Kaa hajambo. Amekuwa mkubwa." Mama aliponiuliza kama nimemwambia, nikajibu nimemwambia. Barua ya pili aliuliza tena, na ya tatu tena, nami nikamnenepesha marehemu mpaka chupa ikawa haimtoshi.

Barua ya nne haikuja. Alikuja mtu aliyelala naye kambi moja, ameshuka lori Makambako na kutembea siku mbili.

"Kamwene, mama," alisema, kisha akakaa bila kuinua macho.

Ilikuwa homa. Walikuwa wamekwisha kumzika hukohuko. Alituletea blanketi lake na kisanduku cha bati, na ndani ya kisanduku nikazikuta barua zangu tatu, zimechakaa mikunjoni kwa kufunguliwafunguliwa.

Kwa miaka mingi kilichoniumiza ni ule uongo. Nilijiona nimemdanganya mtu mpaka kaburini. Lakini sasa, enyi mnaonisoma, wanangu mimi pia wako mbali, wananipigia simu kuniuliza kama kuku wanataga. Mwanaume mzima, kuku! Nami najua hawaulizi kuku.

Kijana wa miaka kumi na tisa, barua yake inaandikwa na karani mbele ya wenzake, angeuliza nini? Aliuliza kaa. Nami mara zote tatu nilimjibu habari za kaa, na hakuna hata barua moja niliyomwandikia kwamba nimemkumbuka, arudi nyumbani.