Siku Tatu Melini na Mama, Bila Nyongeza

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata hatujaiona meli. Tulikuwa kwenye treni kutoka Fairfield ninakoishi, sanduku letu moja nimelibana katikati ya magoti, nikamwambia Mama kwamba tukifika melini, mtu yeyote akimletea kitu, asipokee. Akaitikia kwa kichwa. Nikarudia, maana mimi hurudia. "Chochote, Mama. Wewe sema ahsante, basi."

Nilikuwa na sababu. Safari hizi fupi za siku tatu kutoka Sydney tiketi zake ni nafuu, hasa ukikubali chumba cha ndani kisicho na dirisha. Ujanja unaanza ukishapanda. Wahudumu wanapita na sinia za vinywaji vya rangi rangi, wanatabasamu, unapokea ukidhani ni ukarimu, kumbe umeshaandikiwa deni. Intaneti ya kulipia, kusingwa kwa kulipia, mgahawa wa kulipia mlango wa pili tu kutoka mgahawa usiolipiwa. Mambo hayo niliyasoma kwa wiki sita, kila siku nikitoka kazini, mpaka nikawa najua mashine ya maji iko ghorofa gani ya meli ambayo sijawahi kuikanyaga.

Karibu kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe. Kazi yangu ni kuangalia mifumo ya kompyuta ya ghala moja huko Ingleburn, na sikuisomea popote. Nilijifunza kwa video wakati nikipanga maboksi katika ghala hilo hilo. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu kwamba kuna ukurasa mmoja aliouruka, na siku moja ataulizwa huo huo. Kwa hiyo nakagua. Barua pepe ya mistari miwili naisoma mara nne kabla ya kuituma. Na safari ya Mama niliitengenezea jedwali: kila saa, kila kitu cha bure, wapi na kwa dakika ngapi. Nikalichapisha, kurasa tatu.

Lakini safari yenyewe haikuwa ya matembezi tu. Baba alifariki miaka mitatu kabla, Morogoro, nami nikiwa hapa katika miezi ya mwanzo ya kazi. Kwetu maiti haicheleweshwi. Alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Sikuwahi kufika. Kwenye arobaini pia sikwenda, na mwaka uliofuata sikwenda. Nilituma fedha, nikapiga simu, nikasimamia kila kitu kwa mbali. Sasa Mama alikuwa amekuja kunitembelea kwa miezi miwili, na wiki tano zilikuwa zimepita bila mmoja wetu kumtaja Baba isipokuwa kwenye dua. Nilitaka kumwomba msamaha. Nyumbani kulikuwa na kazi, simu, nguo za kufua, daima kitu. Nikaona melini hakuna pa kukimbilia, mimi wala yeye.

Maneno ya kumwomba msamaha niliyaandika kwenye simu. Nilikuwa nimeyarekebisha mara kumi na moja. Na katika jedwali, siku ya kwanza, saa kumi na moja jioni, niliandika: Kuongea na Mama. Naona aibu kuliandika hili hapa, lakini ndivyo nilivyofanya.

Meli iliondoka alasiri. Watu kadhaa walisimama gatini wakitupungia mikono, na Mama akaniuliza ni ndugu wa nani. Nikamwambia hata sijui, pengine ni wapita njia. Akawapungia wote, mmoja mmoja, kwa muda mrefu, mpaka mkono ukachoka akabadilisha. Tulikaa kwenye viti vya nje tukaipita bandari yote, nyumba zenye bustani zinazoteremka hadi majini, kisha ile miamba miwili ya mlango wa bandari, ambayo ukishaivuka, bahari inaanza kukunyanyua.

Saa kumi na moja nikatoa simu. Binti mmoja mhudumu akaja na vikombe, Mama akaweka kiganja kifuani, akakataa kwa upole kiasi kwamba yule binti alimwuliza tena. Nilifurahi. Nikasema moyoni, Mama ameelewa. Baadaye nilikuja kujua vile vikombe vilikuwa vya chai ya tangawizi, ya bure, kwa ajili ya wanaosumbuliwa na mawimbi. Nikafungua maandishi yangu, nikaona neno moja katika sentensi ya kwanza halijakaa sawa. Nikaanza kulirekebisha. Nilipoinua uso, jua lilikuwa linazama na Mama ameshanyanyuka kwenda kuswali.

Chakula cha jioni tulikula kwenye mgahawa ule usiolipiwa, wenye vitambaa vyeupe mezani. Mhudumu wetu alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimeshawaandikia watu wa meli mapema kuhusu nyama ya halali, kwa hiyo alituletea samaki. Mama akaweka tena kiganja kifuani, akatamka Kiingereza chake alichokifanyia mazoezi, ya kwamba hapana, ahsante. Nikamwuliza kama hajisikii vizuri. Akasema ameshiba. Nikajua ni mawimbi, nikampa kidonge. Vidonge vilikuwa kwenye orodha yangu, na nilijiona mwana mwema sana kwa kuvikumbuka. Kisha nikala samaki wangu, nikala na wake, kwa sababu niliona kumrudisha ni hasara.

Asubuhi, nikinawa, niliona kwenye ndoo ya taka kitambaa cha karatasi kimekunjwa vizuri. Ndani mlikuwa na kokwa za tende na karatasi ya biskuti, zile biskuti alizozibeba kwenye mkoba tangu nyumbani. Nililiona hilo na bado sikuelewa. Nikafikiri tende zinamkaa tumboni kuliko samaki.

Tukaenda kifungua kinywa, meza ile ile, mhudumu yule yule. Alileta mkate wa moto na mayai. Mama akaweka kiganja kifuani. Safari hii yule bwana hakuondoka. Aliinama upande wangu akaniuliza polepole kama mama anajua kwamba chakula hakilipiwi. Akasema siku alipompeleka mama yake hotelini kwa mara ya kwanza, mama huyo alikunywa maji tu hadi wakaondoka.

Nikamgeukia Mama. "Mama, una njaa?"

Akatazama kitambaa cha meza. "Kidogo."

"Hiki chakula kimo ndani ya tiketi. Ni chetu."

"Wewe ulisema chochote."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa na makaratasi yako, baba. Niliona nikikuuliza nitakuharibia mpango wako."

Sijui niliseme vipi jambo hili. Mama yangu alifanya kazi ya usafi wa wodi hospitalini miaka ishirini na mitano, na hakuna daktari aliyewahi kumtisha. Mimi nilimtisha, kwa kurasa tatu. Alikaa na njaa mchana, usiku na asubuhi asije akaniharibia siku yangu ambayo niliipanga kwa ajili yake.

Yule bwana hakungoja tuchague. Alileta uji, maharage, mayai, matunda, mkate mwingine. Kila sahani Mama aliipokea kwa mikono miwili na kunyanyuka kidogo kutoka kitini, kama mtu anayepokewa ugenini, na kila mara yule bwana naye akainama. Mama akala. Kisha akasema, akiwa bado anakula:

"Tangu msiba wa baba yako sijarudisha sinia la mtu. Waliniletea chakula mpaka jirani ambaye tulikuwa hatusemezani. Nilipokea vyote. Jana umenipa kazi ngumu."

Alikuwa amemtaja Baba yeye mwenyewe. Nikatoa simu haraka, nikafungua maandishi. Akanyoosha mkono akaufunika uso wa simu kwa kiganja.

"Weka hiyo. Sema tu."

Yale niliyoyarekebisha mara kumi na moja hayakutoka hata moja. Nilisema, "Mama, nisamehe. Sikuja kumzika Baba."

Aliendelea kutafuna. Alimeza, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Kumzika hukuweza. Angekungoja vipi? Hilo nilikusamehe siku ile ile, sikuona hata la kusamehe. Lakini hukuuliza, mwanangu. Miaka mitatu unanipigia simu. Cheti cha kifo kimetoka? Wapishi wa hitima wamekuja? Bati limezibwa? Hukuniuliza hata siku moja ilikuwaje."

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kusema kwamba nilipiga simu kila Ijumaa bila kukosa. Lakini alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeuliza kila kitu kinachoweza kuwekewa alama ya vema na kufungwa. Lile moja lisilofungika nililipita pembeni, nikajiambia simtoneshi kidonda.

Nikauliza. "Ilikuwaje, Mama?"

Akanitazama kwanza, kuona kama nauliza kweli. Kisha akaniambia. Alisema mvua ilianza wakati wanaliinua jeneza, na wanaume wakavua viatu kwa ajili ya tope, viatu vingi vimepangwa ukutani kama msikitini. Alisema baba mdogo, ambaye huwa hanyamazi, hakusema neno siku mbili. "Na mimi sikumwona akiingizwa kaburini. Unajua sisi wanawake hatwendi. Nilikaa ndani nikawasikiliza wakienda wanaleta dhikri, sauti inapungua, inapungua, mpaka ikabaki mvua tu. Kwetu mtoto wa kiume ndiye anayerudi kumwambia mama yake kule kulikuwaje. Mimi nimeokoteza kwa watu, huyu neno, yule neno. Nimeyajua yote sasa. Sikuwa na wa kumwambia."

Mgahawa ulikuwa umebaki mtupu. Yule bwana alikuwa anatandika meza za mbali, yetu akiiacha. Nililia, na Mama akanipa kitambaa cha mezani kana kwamba ni chetu.

Siku mbili zilizobaki nilizifurahia, na sijui kama nimewahi kufurahia kitu hivyo. Jedwali nilikuwa nalo mfukoni, sitadanganya, na mara mbili tatu nililichungulia chooni. Lakini aliyeongoza ni Mama. Aligundua meza karibu na maktaba iliyokuwa na picha kubwa iliyokatwa vipande elfu, mtu yeyote anakaa na kuunga. Akakaa na bibi mmoja wa Kizungu, hawana lugha ya pamoja, wakaunga mlima mzima kwa kuonyeshana vidole na kugongana mikono kila kipande kikikubali. Tulikunywa chai mara nyingi kuliko nilivyopanga. Tulimsikiliza mpiga kinanda pale kwenye ngazi kubwa. Kila wakati wa swala nilihangaika na simu nikitafuta kibla kwa sababu meli ilikuwa inageuka geuka, mpaka Mama akaniambia nitulie, Mungu anajua kwamba tuko majini.

Picha ambayo watu wa meli walitupiga wakati wa kupanda, tuliikuta imetundikwa ukutani pamoja na za wengine. Mimi nimetoa macho kama mtu anayekamatwa, Mama anacheka. Bei yake ilikuwa ya ajabu. Nilisema safari hii nanunua. Mama akakataa katakata.

"Itakuwa hapa kesho?"

"Itakuwapo, Mama."

"Basi kesho tutakuja kuitazama tena."

Tukaenda kesho yake, na jioni yake, tukasimama mbele ya picha yetu kama watu waliokwenda kumjulia hali jamaa. Mara ya mwisho akasema nimefanana na Baba kwenye paji la uso, hasa nikiogopa.

Na katikati ya mambo hayo yote aliendelea kunisimulia. Hakunikalisha chini. Neno moja kwenye lifti, jingine kwenye foleni ya chai. Kwamba kuna mtu aliondoka msibani na kandambili za Baba kwa bahati mbaya, akazirudisha baada ya wiki, analia. Kwamba usiku wa mwisho Baba aliomba embe, na halikuwa msimu wake. Mimi niliuliza, kisha nikauliza tena. Nilijifunza kwamba Mama akinyamaza hajamaliza, anatafuta tu.

Asubuhi ya nne tulishuka. Karatasi ya mahesabu waliyotusukumia chini ya mlango ilikuwa haina nyongeza hata moja. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Kabla hatujashuka Mama alikwenda kumtafuta yule bwana wa mgahawani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia ahsante kwa Kiswahili, maneno mengi, dua ndefu. Bwana yule alisikiliza hadi mwisho.

Mama alirudi Morogoro wiki tatu baadaye. Bado nampigia kila Ijumaa. Zamani simu zetu zilikuwa dakika kumi na tulikuwa hatumtaji Baba. Sasa ni ndefu, na tunamtaja.