Fokasi Kwanza, Picha Baadaye

Madam aliniita mzembe mbele ya wanawake wa harusi nzima, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. Mzembe! Mimi niliyepiga picha za mahafali na harusi Thika tangu nikiwa msichana! Alininyang'anya kamera pale pale ukumbini, Riyadh, akatazama nilichopiga, akasema kwa Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika kwamba mikono yangu ni mizito. Mtu aliyeshika pasipoti yako unamjibu moyoni, na moyoni nilimjibu vilivyo.

Kwenye mkataba nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Kupika, kufua, kupiga deki. Lakini madam alikuwa na studio ya wanawake mtaa wa Sulimaniyah, hapo hapo Riyadh, na harusi za kule, upande wa wanawake, mwanamume haingii na kamera hata awe nani. Simu zenyewe zinakusanywa mlangoni. Kwa hiyo wapiga picha wanawake walikuwa wanatafutwa kama sukari wakati wa uhaba. Siku moja alinikuta nimeshika kamera yake, naisafisha lenzi jinsi inavyosafishwa. Akauliza, "Unajua?" Nikasema najua. Nkt! Kuanzia hapo mchana nikawa wa jikoni na jioni wa harusi, na mshahara ukabaki ule ule wa jikoni.

Sasa nieleze hiyo mikono mizito, maana nimeibeba vya kutosha. Kamera ile ilikuwa nzuri, ya bei, na ukishikilia kitufe ilikuwa na uwezo wa kupiga picha mfululizo trrrrr kama cherehani. Lakini kamera haipigi tu kwa sababu umeshikilia kitufe. Inafuata ilivyoamriwa kwenye menyu. Unaweza kuiamuru hivi: fokasi kwanza, yaani usipige picha yoyote mpaka uwe na uhakika kitu kimeonekana sawasawa. Au uiamuru: piga tu, fokasi itakufuata huko huko. Madam aliiweka fokasi kwanza, kwa kila picha, na akaiachia kamera ichague yenyewe pa kutazama ukumbi mzima. Kwenye jua hakuna shida. Lakini bibi harusi haingii kwenye jua. Anaingia taa zimezimwa, moshi wa mashine umejaa hadi magotini, taa ya rangi inamzungukazunguka. Kamera inatafuta uso, inashika moshi, inaacha moshi, inashika shada la maua, inaacha. Wewe umekandamiza kitufe mpaka kidole kinauma, nayo inasema ka... halafu kimya... halafu ka... kama mzee anayekohoa kanisani. Na flashi madam aliikataza, kwa sababu flashi kwenye moshi inakupa ukuta mweupe. Hapo kwenye flashi alikuwa na haki.

Tena nisimsingizie, hata kwenye fokasi hakuwa mjinga. Desturi ya zile harusi ni kwamba kadi ya picha haitoki ukumbini. Wanawake wamepigwa picha vichwa wazi, na mapambo yao, kwa hiyo sherehe ikiisha kadi inatolewa kwenye kamera na kukabidhiwa mama wa bibi harusi mkononi, nzima nzima. Huchagui, hufuti, hunakili. Kila picha yenye ukungu uliyopiga, mama mtu anaiona. Na madam alishawahi kutukanwa kwa ajili ya picha za ukungu. Ndiyo maana akaona heri picha chache zilizo safi kuliko nyingi zenye madoa. Akabandika plasta ya kidonda juu ya kitufe cha menyu. "Usiguse. Mafi menyu," akaniambia, yaani hakuna kugusa menyu, na kidole juu.

Basi siku ile aliyoniita mzembe, baba wa bibi harusi aliingia kumbusu mwanawe kwenye paji la uso. Wanawake wakavuta mabuibui yao mbio mbio, vurugu, taa zinayumba. Nikashikilia kitufe. Ka... Nikapata pua ya mzee akiinama. Ka... Nikapata mgongo wa mzee akiondoka. Lile busu lenyewe kamera ilikuwa bado inatafuta fokasi. Nilimweleza madam, nikamwambia ni ile amri uliyoweka, tuiweke picha ya kwanza ingoje na zinazofuata zipigwe tu. Akasema, "Halas! Basi! Mikono mizito."

Wiki hizo hizo dada yangu akanipigia kutoka nyumbani. Mama amepooza upande wa kulia. Ulimi umekuwa mzito, chakula analishwa, na kila asubuhi ananiulizia mimi, kifungua mimba wake. Daktari aliwaambia kiharusi kikimrudia hali itakuwa mbaya zaidi. Nilikuwa naosha sufuria, nikaketi pale pale kwenye sakafu yenye maji. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: nimfikie mama angali ananijua.

Lakini kule hutoki bila kafili wako, yule mwajiri aliyekudhamini, kukupa ruhusa ya kutoka na kurudi, na neno la mwisho nyumba ile lilikuwa la madam. Nikamwendea. Sikulia, niliomba. Akafikiri, akasema kuna harusi ya Jeddah, familia kubwa. "Jeddah ikienda sawa, halas, unaenda kwa mama yako mwezi mmoja." Nikampigia dada, dada akamwambia mama, na mama, aliposimuliwa, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Dada akanionya, "Na wewe na hizo hasira zako, usimrukie madam kabla ya siku. Hasira hasara." Nikamwambia nitakuwa kondoo.

Jeddah tulifikia nyumba ya wafanyakazi mtaa wa Baghdadiyah. Joto la pale lina maji. Ukitoa kamera kwenye baridi ya gari lenzi inaingia jasho, lazima uiache izoee kwanza hali ya nje. Nikaifuta, nikaipeleka ukumbini, nikaona mashine za moshi, zimepangwa kila upande wa njia ya bibi harusi. Mungu wangu! Kwa ile amri ya madam ningepata picha za moshi na mlango.

Nikaingia chooni, nikajifungia, nikabandua plasta.

Nilijua ninachocheza nacho. Nikiacha vile vile, nitakosa. Nikibadilisha, kadi itakuwa na picha za ukungu humo ndani, na mama wa bibi harusi ataziona zote. Nikachagua. Picha ya kwanza ingoje fokasi, zinazofuata zipigwe tu. Nikaiambia kamera isitazame ukumbi mzima, itazame pale katikati ninapoielekeza, mengine iniachie mimi. Wengine wanafunga fokasi mara moja na kuiacha hapo, nayo kamera inakwenda mbio kweli, ila mtu anayetembea akikusogelea unabaki na zulia lililo safi na bibi harusi wa ukungu. Sikutaka hiyo.

Akaingia. Taratibu, hatua kwa hatua, ngoma zinalia. Trrrrr. Moyo wangu ukatulia. Katikati ya njia akakanyaga pindo la gauni lake, akaenda mbele mzima mzima, na mama yake akaruka kutoka kwenye kiti cha mbele, viatu akaviacha, akamdaka. Wakakumbatiana pale chini kwenye moshi, wakaangua kicheko, ukumbi ukalipuka vigelegele. Sikuachia kitufe hata kidogo.

Kadi ilipokabidhiwa, mama yule hakungoja kufika kwake. Akaleta kompyuta, akaketi, akaanza kuzitazama na dada zake. Madam alisimama kando yangu. Ikapita ya ukungu. Ikapita nyingine ya ukungu. Madam akanifinya mkono kwa kucha, nami nikakaza meno. Halafu wakafika kwenye kuanguka. Yote yalikuwemo: mguu kwenye pindo, mikono hewani, kiatu kikibaki peke yake, nyuso mbili zikicheka zimegusana. Mama akafunika mdomo. Akarudisha nyuma, akatazama tena, akalia, akaniita, akanibusu mashavu yote mawili.

Ndani ya gari madam akauliza, "Uligusa menyu?"

"Niligusa."

"Sawa. Iache hivyo hivyo."

Asubuhi nilifunga begi kabla ya chai. Nikamkuta anakunywa kahawa, uso umejaa furaha, nikamwuliza ruhusa yangu itatoka lini. Akanitazama kama niliyeuliza kitu cha kuchekesha.

"Safari? Mafi safari. Wale dada za mama wa bibi harusi, wote wana mabinti wa kuolewa. Wanamtaka yule Mkenya. Baada ya msimu wa harusi."

"Madam, uliahidi. Mama yangu ni mgonjwa."

"Niliahidi nikidhani mwingine ataweza kazi yako," akasema, tena kwa upole, kama anayenipa zawadi. "Sasa nimeona. Hakuna mwingine."

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nilifungwa kwenye mnazi! Nilipiga kelele siku hiyo. Nilimwambia ni mwongo, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kiarabu kidogo nilichokuwa nacho, sauti ikafika barabarani. Aliniacha nimalize, kisha akaniambia, "Yalla, haya, kuna nguo za kupiga pasi."

Jioni nikapiga simu nyumbani. Nilitaka kuongea na dada tu, lakini mama alisikia ni mimi, akadai simu, dada akaiweka sikioni mwake. Nikamwambia ukweli, kwa sababu mama sijawahi kumdanganya. Nikasema, "Mama, wamekataa."

Akayasukuma maneno moja moja kwa ule ulimi wake.

"Kwani uliharibu kazi?"

"La, Mama," nikasema. "Niliifanya vizuri."