Simu ya Asumani Isiguswe na Mtandao

Hamadi, mchonga mitumbwi wa mtaa wetu wa Kabondo, mjini, hakupenda kupigwa picha. Ukiinua simu, yeye anageuka kutafuta shoka. Basi alipofariki, mkewe Nyota alibaki na picha moja tu ya uso wake, nayo ilikuwa ndani ya jarida la mtandaoni la mafundi. Mwandishi mmoja alimvizia akiwa kazini, akamweka ukurasa mzima, tezo mkononi, anacheka.

Jarida hilo Hamadi alililipia kila mwezi. Alilihifadhi kwenye simu ya Nyota, kwenye tableti ya nyumbani, na kwenye simu ya mdogo wake Asumani alipokuja mjini kwa Idi. Asumani analima kijiji kimoja mbele ya Banalia, ambako mtandao haufiki. Hamadi alisema kilichowekwa mahali patatu hakipotei. Mimi jirani yao nilimwamini. Sote tulidhani kuhifadhi ni kama kufungia kitu sandukuni.

Alipokufa, malipo nayo yakakoma. Nyota, akiwa katika eda, alifungua simu yake akakuta maneno kwamba usajili umekwisha, na jarida halifunguki tena. Tableti nayo, ilipopata mtandao tu, ikafuta kila kitu. Nilikasirika kweli. Mtu analipa miaka yote hiyo, halafu mjane wake haachiwi hata ukurasa!

Ikabaki simu ya Asumani. Naye alikuwa amekwisha kutuma salamu kwamba anakuja kumpa shemeji yake pole, na simu ataileta. Kuileta mjini ni kuitia mtandaoni. Kumpigia hakuna njia, na Nyota hawezi kutoka, eda haijaisha. Akaniita, macho mekundu.

“Mama Aurélie, nitafutie mutu wa moto anaenda Banalia. Amwambie Asumani atoe carte SIM. Nikikosa ile sura, nitasahau namna alikuwa anacheka.”

Nilimpata dereva wa pikipiki, nikampa ujumbe. Tukangoja. Kungoja kwa mwenye eda ni kuzito, maana hata mlangoni hasimami kuchungulia.

Asumani alifika amejaa vumbi la barabara, akaketi uani.

“Ulitoa?” nikamwuliza kabla ya salamu. Adabu zote zilinitoka.

Akafungua kitambaa: simu huku, betri kule, kadi imefungwa kwenye ncha.

“Sikujua ni nini munaogopa,” akasema. “Alors, nilitoa vyote.”

Nikaingia nayo ndani. Tukarudisha betri, kadi tukaiacha. Hamadi alikuwemo, tezo mkononi, meno nje. Nikaupiga picha ukurasa ule kwa simu yangu, kwa ya Nyota, na kwa tableti. Nyota alilia kwa sauti aliyokuwa ameizuia tangu mazishi, nami nikalia naye.

Betri ya simu ile ikaanza kuisha. Nikanyoosha mkono niizime.

“Muache kwanza,” Nyota akasema. “Iko ananiangalia.”