Nimetapikia Vitenge, Mama Mkwe Akapiga Vigelegele

Leo nimetapika katikati ya duka Kariakoo, na watu wamenipongeza.

Nina ugonjwa wa sikio la ndani. Kitu kikiteleza mbele ya macho, dunia nzima inazunguka. Ndiyo maana kwenye mipangilio ya simu yangu nimezima miondoko, kurasa na picha zisijisogeze zenyewe. Tovuti ikiheshimu hilo, ukurasa unatulia.

Sasa vitenge vipya viko stoo ghorofani. Muuzaji kaniambia, "Dada, chagua kwenye tovuti yetu, nikushushie."

Nikagusa "Vitenge vipya". Ukurasa ukaporomoka wenyewe, picha zinaelea, zinapishana. Nilifumba macho, nikawa nimeshachelewa.

Nimetapikia jora zima la kitenge lililokuwa pale kaunta.

Mama mkwe, niliyeenda naye, kapiga vigelegele! Miaka yote anasubiri mjukuu. Wateja wakadakia, "Hongera, shoga!"

"Mama, siyo hivyo. Ni hii simu."

"Simu inatapisha mtu? Usione aibu, mwanangu."

Nikamgeukia muuzaji kwa hasira. "Mbona mmelazimisha tovuti iteleze wakati simu yangu imekataa?"

"Dada, ndiyo uzuri wake huo. Wateja wanapenda."

Kugeuka, mama mkwe kashampigia mume wangu kazini bandarini. Kaweka spika. Duka zima linamsikia mwanaume analia kwa furaha.

"Haya, mwambie mwenyewe," mama akanipa simu.

Nikasema tu, "Tutaongea ukirudi."

Jamani, naanzia wapi? Mume kasharudi. Kanipokonya ndoo ya maji, eti nisibebe kitu kizito.