Nyama Iliyoanza Kujila

Mwalimu wa baiolojia ana ugonjwa mmoja: hawezi kunyamaza. Mimi ulinizidi kwa sababu nilikuwa kijana, nafundisha shule ya kutwa karibu na Ikonge, na nilikuwa nimemchumbia msichana wa upande wa Ogembo aliyenizidi akili.

Wiki moja kabla ya watu wao kuja kuliona boma letu, mchumba wangu alinipigia simu kunionya. Wazee wangekuwa watano na wote wangesema mengi, lakini mwenye neno la mwisho ni bibi yake, na bibi huyo hakuwa na jino hata moja. Alikuwa ameshapelekwa kwa wanaume wawili waliotaka kuwaoa wajukuu zake wengine. Kote kuwili aliwekewa nyama ya mbuzi aliyechinjwa asubuhi ile ile, akaihangaisha mdomoni mpaka ikapoa, kisha akaitema kwenye leso. Kote kuwili alirudi nyumbani na njaa, akatangaza kwamba boma lile halina adabu. Wanaume wale walilazimika kutafuta wake kwingine.

"Sasa mimi nifanye nini? Nimnunulie meno?" nikauliza.

"Si wewe ndiye mwalimu? Fundisha basi," akasema, akakata simu.

Niliudhika sana. Lakini wiki hiyo hiyo nilikuwa nafundisha kidato cha pili habari za seli, na nikiwa ubaoni, chaki mkononi, jibu likanijia. Ndani ya seli mna vifuko vidogo vilivyojaa vimeng'enya, vitu vya aina ile ile inayovunjavunja chakula tumboni. Seli ikiwa hai, vifuko hufungwa na kila mtu hukaa salama. Seli ikifa, vifuko vinapasuka, na vimeng'enya vinaanza kuila nyumba iliyovilea. Ndiyo maana nyama ikitundikwa penye baridi siku moja au mbili hulainika bila kupigwa wala kuchemshwa. Inajila yenyewe, taratibu. Nyama yetu ya sherehe haipewi nafasi hiyo: mbuzi analia saa nne, saa saba yuko sahanini, na sisi tunamsifu kwa sababu tuna meno.

Wageni wangekuja Jumapili. Jumamosi kwetu ni Sabato, na baba, ambaye ni mzee wa kanisa, hangekubali hata kuku aguswe siku hiyo. Kwa hiyo Ijumaa mchana, wazazi wakiwa shambani wanachuma chai, nilimchinja mbuzi tuliyemtenga, nikamtundika katika ghala la nyuma, nikamfunika kwa chandarua kipya cha mbu ili nzi wasimsogelee. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai huku kwetu haihitaji friji. Nilirudi nyuma hatua mbili nikamtazama, nikajiona mtu wa maana sana.

Mama alirudi na kikapu chake mgongoni. "Mbuzi wa wageni yuko wapi?"

"Nimeshamchinja, mama. Nyama inalainika."

Alikitua kikapu polepole. "Na Jumapili wageni wataonyeshwa nini? Chandarua?"

Kwetu wakwe huonyeshwa mbuzi wao akiwa angali anatembea, wamguse mgongo, wajue kwamba hakuugua, hakugongwa na pikipiki, hakufa kivyake. Ukishukiwa tu kuwalisha wakwe mzoga, habari zitafika Kebirigo kabla hujamaliza kujitetea. Nililijua jambo hilo tangu utotoni, na nililisahau kwa sababu ya elimu.

Mama hakunipigia kelele. Alikwenda kwa jirani yetu, mjane mmoja mwenye beberu mweupe ambaye alimpenda kuliko sisi sote, akamwazima kwa saa moja. Beberu angeonyeshwa, angesifiwa, kisha angerudishwa kupitia nyuma ya migomba. Baba alikataa katakata kusema uongo. Baada ya mabishano marefu tulikubaliana kwamba angalau hatatamka neno "wetu".

Jumapili walifika. Bibi alikuwa mdogo kama kifurushi, amevaa koti la mwanamume, macho yake hayatulii. Aliketishwa kwenye kigoda kivulini. Beberu akaletwa. Baba akakohoa, akasema, "Mbuzi ndiye huyu." Hilo lilikuwa kweli tupu.

Baba mkubwa wa mchumba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, alimpapasa beberu mgongoni, akamfungua mdomo, akaridhika. Nikaishika kamba ili nimwondoe.

"Unampeleka wapi?" akauliza. "Mchinjie hapa hapa. Sisi hatuna haraka."

Nikasema kisu ni butu. Akatoa chake mfukoni. Nikasema labda wageni wapate chai kwanza. Akasema chai itanyweka huku wanatazama. Wakamlaza beberu chini, na hapo ua wetu ukapasuka katikati, akatokea mjane na kanga yake imeng'ang'ania miiba.

"Mwacheni! Huyo ni wangu! Nimemwazima mtu, sijamtoa sadaka!"

Beberu aliinuka, akamfuata mwenyewe nyumbani. Kisha baba mkubwa akanusa hewa, na mimi pia nikaisikia harufu ya nyama ikitoka jikoni kwa mama.

"Basi hicho kinachopikwa ni nini?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mmetupikia kitu kilichojifia?"

Wazee wakaanza kuokota fimbo zao. Nilimwona mke wangu akiondoka na fimbo hizo, mke ambaye hata sijampata, na kwa hofu nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nilifundisha. Niliwaeleza yote, Ijumaa, ghala, chandarua, vifuko, vimeng'enya. Hata nilichora seli mchangani kwa kijiti.

"Kwa hiyo," baba mkubwa akasema nilipopumua, "umewaletea wakwe nyama iliyoanza kujila yenyewe."

Alivyosema vile, ilisikika vibaya sana.

"Nileteeni nionje," akasema bibi.

Mama alimletea bakuli. Bibi alitia kipande mdomoni, akafunga macho. Taya zake zilizunguka mara nne, mara tano, kisha koo likashuka. Akachukua cha pili. Kwa cha tatu hata hakufunga macho. Leso yake ilibaki imekunjwa mapajani, na wazee wakayarudisha makalio vitini mmoja mmoja.

"Mwalimu," akaniita huku akilamba kidole. "Huku kujila, ni kwa mbuzi tu?"

Ningeweza kudanganya. Lakini bibi na mjukuu kwetu huambiana lolote, na mimi, nimeshasema, nina ugonjwa.

"Hapana, magokoro," nikasema, nikimwita bibi kwa lugha yetu. "Ni kwa kila kilicho hai."

"Hata mimi?"

Baba alikohoa kwa nguvu. "Hata wewe," nikasema.

"Nitaanza lini?"

"Damu ikisimama tu."

Aliitazama mikono yake, huku na huku, kana kwamba anayapima mahindi sokoni. "Na hawa wanangu watanitia friji ya mochari wiki tatu wakiwangoja watu wa Nairobi. Sitaki kujila mbele ya wageni. Siku ya tatu niwe nimeshafukiwa. Wao hawatasikia, kwa hiyo utawaambia wewe."

"Mama," baba mkubwa akaingilia, "huyu bado si wa kwetu. Hata ng'ombe hawajatajwa."

Bibi alininyooshea bakuli tupu. "Basi watajeni upesi. Na wewe niongezee."

Niliingia jikoni na lile bakuli, nikalia, mama akidhani tumekataliwa. Nilikuwa nimekubaliwa: kabla sijapewa mke, nimepewa bibi wa kumzika.

Aliishi miaka sita zaidi, na kila nilipomtembelea nilimbebea nyama ya siku mbili. Alipofariki nilisimama mbele ya wanawe, nikasema nilichotumwa, nikatukanwa, nikasema tena. Alizikwa siku ya tatu. Watu wa Nairobi walikuta udongo umeshaanza kukauka, na hawajanisamehe mpaka leo.